Jirushe Kendwa Bila Kuumbuka

Safari ya kundi haiharibiwi na ukata peke yake. Mara nyingi inaharibiwa na lile jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema kabla ya kupanda boti.

Mimi ndiye "katibu" wa kundi letu, washikaji wanane, wote waajiriwa wa Dar. Kiwanja chetu ni Kendwa, kaskazini ya Unguja, kwenye ile disko ya ufukweni ya mwezi mpevu, ambayo kwa kawaida huangukia Jumamosi iliyo karibu na mbalamwezi. Safari iliyopita nusura tupate soo. Wawili wetu walikuwa wapenzi kwa miaka mitatu, wakaachana. Shoga yangu sasa ana mchumba mpya na alitaka kuja naye. Yule kaka naye alikuwa ameshalipa mchango wake wote.

"Nyamaza tu, watazoeana hukohuko," waliniambia wenzangu. Nikagoma. Watu wakishapiga bia mbili tatu hawazoeani, wanakumbushana!

Nilimpigia kila mmoja kivyake. Kaka alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Nitakuja, ila msinipe chumba cha jirani nao." Hilo lilikuwa ombi dogo na la kweli. Shoga yangu ndiye aliyenipa kazi. Kumbe mchumba hakuwa anajua lolote, na bibie aliogopa akimwambia atampoteza. Nikamwambia, "Mwambie hapa Dar, mkiwa wawili. Usisubiri mlevi amwambie mchangani." Alimwambia. Bwana alinuna siku mbili, halafu akauliza boti inaondoka saa ngapi.

Baada ya hapo mambo mengine yakawa mepesi. Na wewe msomaji, kama mnapanga kwenda, zingatia haya.

Kwanza, angalia kalenda. Mwezi wa Ramadhani huwahi kwa takriban siku 11 kila mwaka, na Zanzibar muziki wa usiku hupoa sana kipindi hicho. Usiende kujirusha wenzako wakiwa kwenye funga.

Pili, usafiri. Kutoka Mji Mkongwe hadi Kendwa ni kama kilomita 60, zaidi ya saa nzima barabarani. Lala hukohuko, au kodini gari lenye dereva asiyekunywa. Atakayewarudisha ajulikane kabla muziki haujaanza.

Tatu, mavazi. Bikini mwisho wake ni ufukweni. Ukipita kijijini, au ukienda Forodhani kula urojo na piza ya Zanzibar, funika mabega na magoti. Kanga moja ndani ya mkoba inatosha.

Nne, bahari. Mwezi mpevu huja na bamvua, maji yanajaa kuliko siku nyingine. Ukiacha viatu na simu mchangani ukaenda kucheza, usije ukamlaumu mwizi.

Tano, wekeni neno la siri. Letu ni "embe". Mgeni aking'ang'ania kucheza na mmoja wetu, akitamka embe tu, wawili wanafika na kumvuta pembeni bila ugomvi. Hakuna anayeondoka peke yake, na hakuna anayeweka picha mtandaoni bila kuuliza waliomo.

Na ukikutana na bosi au shangazi yako je? Usijifiche nyuma ya nguzo, ameshakuona. Weka glasi chini, toa shikamoo yako, uliza habari za nyumbani, kisha mwage na urudi kwa wenzako. Naye huenda hakutaka kuonekana!

Jumamosi hiyo, kwenye saa saba usiku, niliwaona yule kaka na shem mpya kwenye foleni ya mishkaki. Walikuwa wanabishana Simba na Yanga. Sidhani watakuja kuwa marafiki, na hakuna aliyewaomba wawe. Ila shoga yangu alicheza mpaka asubuhi bila kugeuka nyuma kila dakika, na siku hizi wanahesabu vikao vya harusi.

Basi kabla hujaulizia nauli ya boti, uliza kwanza hili: kati yetu, nani hataki kukutana na nani? Jibu lake ndilo litakaloipanga safari yenu.