Maisha ya Shina Moja

Bumu likichelewa, wenzangu huniuliza naishije. Nawaambia naishi kwa helikonia. Wanacheka. Yaani maua?

Ndiyo, maua. Yako nyuma ya nyumba ya mama, Muheza, kando ya migomba. Asili ya helikonia nyingi ni misitu ya joto ya Amerika ya Kati na Kusini, lakini ni ndugu wa mbali wa mgomba, na majani yanafanana. Unachimba kipande cha tunguu chenye chipukizi, unakifukia kwenye udongo wenye mboji, unamwagilia. Wapamba kumbi wa Tanga mjini wananunua kwa shina. Ile sehemu nyekundu wanayoilipia wala si ua. Ni majani yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni madogo, yamejificha ndani.

Kila shina huchanua mara moja tu. Likimaliza unalikata mpaka chini, machipukizi mengine yapate nafasi na mwanga.

Mwakani namaliza shahada ya ualimu. Baba anasema nisubiri ajira zitangazwe. Kaka yangu, naye mwalimu mwenye shahada, amesubiri miaka minne. Anaamka, anaangalia simu, anarudi kulala. Simlaumu. Ila sitaki maisha ya shina moja. Kufundisha nataka kwelikweli, na maombi nitatuma. Lakini likizo hii naongeza matuta mawili. La kwanza kaka amenichimbia juzi. Siku hiyo hakushika simu hadi jioni.