Chupa ya Gaia na Miaka Yake Miwili

Mswahili akishuka ukingoni mwa mto Douro, upande wa Vila Nova de Gaia, hapiti hatua nyingi kabla hajasikia maneno ya kwao. Pipa ni pipa. Meza ni mesa. Kopo linatokana na copo, ingawa huku ni bilauri ya kioo. Na mvinyo ni vinho, neno tuliloachiwa na Wareno wale wale walioanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593. Nilitembea vichochoro vile vya mawe nikijihisi mgeni nusu tu.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, nyumba yake imepanda kilimani juu ya maghala ya mvinyo. Dirishani kwangu niliona mji wa Porto ng'ambo na daraja la chuma la Dom Luís I, lililofunguliwa mwaka 1886, lenye njia mbili, moja juu kabisa na nyingine chini karibu na maji. Jioni taa zikiwashwa, mto wote hugeuka rangi ya asali. Nimeona miji mingi ya mito. Sijaona wenye jioni kama zile.

Kabatini kwa bibi ilikuwamo chupa nyeusi, bega lake limejaa vumbi, lebo ya mbele imeliwa na unyevu. Ilikuwa ya marehemu mume wake. Bibi aliitunza kwa imani kwamba kila mwaka unaopita inazidi kuwa nzuri. Aliniomba niisome, akidhani msafiri anajua mambo. Sikujua. Tukaipeleka kwa jirani, mzee aliyefanya kazi ghalani tangu ujana wake.

Mzee hakutafuta mwaka kwanza. Aliinua chupa, akaweka tochi nyuma ya shingo yake. Mwanga ulipita na rangi ya kahawia iliyoiva, si nyekundu. Akapapasa ubavu wa chupa akitafuta doa la chokaa, hakulipata. Akainama kutazama mashapo; hayakuwamo. "Hii ilizeekea ndani ya mti," akasema, "si ndani ya kioo."

Hapo ndipo penye siri yote ya mvinyo wa Porto. Zabibu hukanyagwa, na mvinyo ukiwa bado unachacha hutiwa pombe kali ya zabibu, uchachu ukakoma na sukari ikabaki. Baada ya hapo njia zinaachana. Ule unaoitwa vintage, wa mavuno ya mwaka mmoja bora, hukaa katika mti miaka miwili hivi, kisha hufungiwa chupani bila kuchujwa, ukaendelea kukua gizani kwa miongo. Hubaki mwekundu muda mrefu na huangusha mashapo mazito. Doa la chokaa huonyesha upande uliokuwa juu chupa ilipolazwa, ili mashapo yasivurugwe. Ule wa tawny hukaa mapipani miaka mingi, hewa ikiugusa kidogo kidogo kupitia mti, wekundu ukififia hadi kahawia, na ukizeeka sana pembeni mwa bilauri huonekana ukijani. Ukishatiwa chupani, safari yake imekwisha.

Kwa hiyo anayeuliza umri wa chupa aulize pia umri huo ulipitia wapi. Kuna za kutatanisha: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 vintage nyingi zilisafirishwa Uingereza zikiwa mapipani na kutiwa chupani huko na wafanyabiashara, hata mvinyo mmoja wa mwaka 1963 ukavaa lebo za watu mbalimbali. Mzee alisema chupa za namna hiyo husomwa kwenye kizibo, ambako jina na mwaka huchomwa kwa moto.

Ya bibi haikuhitaji kufika huko. Shingoni ilikuwa na kipande cha karatasi ya muhuri wa taasisi ya mvinyo wa Porto, iliyoundwa mwaka 1933, basi haikufungwa kabla ya hapo. Mzee akaigeuza, akafuta mgongo wake kwa kitambaa chenye maji. Miaka miwili ikajitokeza: mavuno 1952, kutiwa chupani 1977. Hiyo huitwa colheita, tawny ya mwaka mmoja.

Miaka 25 hiyo isingekuwa sawa mahali pengine. Mashamba yako juu mtoni, kwenye matuta ya mawe yaliyowekewa mipaka ya kisheria tangu 1756, na kiangazi cha huko huchoma. Gaia iko karibu na bahari ya Atlantiki, mlima wake umeelekea kaskazini, hewa yake ni baridi na yenye unyevu. Ndiyo maana mashua za rabelo ziliteremsha mapipa, kila moja la lita 550 hivi, zikipenya maporomoko yaliyoua watu wengi hadi mabwawa yalipoutuliza mto. Na hadi 1986 mvinyo wote wa kuuzwa nje ulilazimika kupitia mji huu. Ukiingia ghalani unaunusa mji wenyewe: mti uliolowa, zabibu kavu, udongo.

Mzee alimrudishia bibi chupa yake, akamwambia kwa upole kwamba hakuna cha kungojea; mvinyo huu ulikuwa tayari siku mumewe alipoununua.

Tuliifungua Jumapili, wajukuu wakiwapo. Kizibo kilikatika katikati, tukachuja kwa kitambaa cheupe. Ulinukia njugu, ganda la chungwa na sukari iliyoungua kidogo. Chupa ilikwisha kabla kahawa haijaletwa.