Panya, Komamanga na Kiambishi hu-

Wahenga wetu hawakuwa na hadubini, lakini ini walilijua. Mtu aliyesikitishwa kupita kiasi husema amekatwa maini. Mpenzi wa dhati huitwa mkalia ini. Na jirani zetu Wajaluo wana neno chuny, ambalo hubeba ini na roho kwa pamoja. Sayansi ya leo imekiongezea kiungo hiki kazi nyingine nyingi. Ini la mtu mzima, lenye uzito wa takriban kilo moja na nusu, ndilo forodha ya mwili. Karibu kila tunachokimeza, kiwe chakula, kileo au kidonge, hupitishwa hapo kikaguliwe na kuvunjwavunjwa kabla ya kuruhusiwa kuendelea na safari. Na kama ilivyo kwa bawabu yeyote, hatari iujiayo mji humwanzia yeye.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili. Si tabibu wala mkemia. Hata hivyo, mwaka 2019 ilinibidi nilitazame ini kwa karibu, na chombo nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa sarufi.

Mjomba wangu, fundi seremala mjini Mombasa, alikuwa amepatikana na kifua kikuu. Tiba ya kawaida ya maradhi hayo huchukua miezi sita: miezi miwili ya kwanza mgonjwa humeza isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi minne huendelea na mbili za mwanzo. Tatu za kwanza miongoni mwa dawa hizo nne zaweza kulidhuru ini. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa ajihadhari na dalili kama vile macho kugeuka manjano, mkojo kuwa mweusi mithili ya chai ya mkandaa, kichefuchefu, na kukosa hamu ya chakula.

Jirani yake mmoja, mtu mwema asiye na hila, alimletea juisi ya komamanga tangu wiki ya kwanza. Pamoja na juisi alimtumia ujumbe kwenye rununu: “Juisi ya komamanga hulinda ini dhidi ya madhara ya dawa.” Mjomba aliinywa kila siku. Wiki ya sita macho yake yakawa manjano. Daktari alizisimamisha dawa, akaagiza damu ipimwe, akaeleza kwamba ini likishatulia dawa zingerejeshwa moja baada ya nyingine. Katika siku hizo za kusubiri, ule ujumbe ulipata tafsiri mpya mtaani: dawa ndiyo sumu, tunda ndilo tiba, ya nini basi kuirudia sumu?

Hatari yake ilikuwa kubwa. Mwenye kuiacha tiba ya kifua kikuu katikati hujiweka katika hatari ya kurejewa na ugonjwa, pengine ukiwa umekuwa sugu kwa dawa, na huweza kuwaambukiza wa nyumbani mwake. Mjomba aliniita.

“Mwanangu,” aliniambia baada ya kuiitikia shikamoo yangu, “wewe ndiye msomi wetu wa Kiswahili. Nisomee sentensi hii, kisha uniambie inasema nini hasa.”

Sentensi yenyewe ilikuwa na maneno kumi tu. Nilianza na la mwisho, dawa. Kiswahili hakijapata kudai kwamba dawa ni heri tupu. Tuna dawa ya homa na tuna dawa ya panya, na neno ni lilelile. Chukua parasetamoli, kidonge kinachouzwa hata katika kioski cha kona. Kwa kipimo kisichozidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, ini huishughulikia bila taabu. Sehemu yake ndogo hugeuka zao lenye sumu, nalo hudakwa na glutathioni, kinga ambayo seli za ini hujitengenezea zenyewe. Mtu akibugia vidonge kupindukia, glutathioni hupungua mno, sumu ikakosa wa kuizuia, na seli zikaanza kufa.

Hapo ndipo linapoingia wazo la antioksidanti, yaani viambata viwezavyo kuzituliza chembe haribifu kabla hazijaunguza seli. Matunda yana hazina kubwa ya viambata hivyo: vitamini C iliyomo katika mapera na ubuyu, rangi nzito ya zambarau na zabibu nyeusi, ukakasi wa ganda la komamanga. Wala wazo lenyewe si upuuzi. Asetilisisteini, inayotumiwa hospitalini tangu miaka ya 1970 kuwaokoa waliomeza parasetamoli kupita kiasi, hulirudishia ini malighafi ya kuundia glutathioni, na hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa nane. Kulikinga ini kwa njia hiyo ni jambo linalowezekana.

Lakini je, juisi? Majaribio mengi yanayotajwa kuwa ushahidi wa matunda yamefanyiwa panya. Panya hugawanywa makundi. Kundi moja hupewa maji tu. La pili hupewa kemikali au dawa kwa kipimo cha kudhuru. La tatu hupewa sumu hiyohiyo pamoja na dondoo la tunda, na mara nyingi dondoo hutangulia kwa siku kadhaa. Baadaye watafiti hupima damu, kwa kuwa seli za ini zinapojeruhiwa hutoa vimeng'enya vyake nje, kisha hukata vipande vya ini na kuvitazama kwa hadubini. Katika majaribio mengi ya namna hii, maini ya kundi la tatu yalidhurika kwa kiasi kidogo kuliko ya kundi la pili. Haya ni matokeo ya kweli yenye thamani. Ila angalia yanavyosimulia: tukio lililopita, mnyama fulani, sumu fulani, kipimo fulani cha dondoo lililokolezwa. Kwa Kiswahili sanifu tungesema dondoo lililinda maini ya panya. Ujumbe wa jirani ulisema juisi hulinda ini.

Wapenzi wa Kiswahili, tunakijua kiambishi hu-. Hakina wakati maalumu, wala hakijali nafsi ya mtenda. Ndicho kiambishi cha hekima ya kudumu: haba na haba hujaza kibaba, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Habari ya maabara inapovikwa hu-, inavikwa joho la methali. Inaacha kuwa habari ya panya wa jana na kuwa kanuni ya watu wote, wa leo na wa kesho. Sisemi kwamba hu- ni haramu katika sayansi. Nimeitumia hapo juu nilipoeleza kazi ya glutathioni, kwa sababu jambo hilo limethibitishwa mara nyingi. Ninachosema ni kwamba hu- ni cheo, na cheo hupewa anayestahili.

Lugha yetu haikutuacha mikono mitupu. Tuna -li- ya tukio, tuna -nge- ya dhana, tuna “yaelekea”. Zaidi ya yote tuna “huenda”. Tazama maajabu ya sarufi: kiambishi kilekile cha yakini, kikiungana na kitenzi “enda”, hutupa neno la shaka. “Huenda juisi ya komamanga ikasaidia kulilinda ini” ni sentensi ya mtu mkweli.

Tena maumbile hayatendi kwa upendeleo. Balungi ni tunda lenye vitamini C tele. Hata hivyo, mwaka 1989 watafiti nchini Kanada waliotumia maji yake kuficha ladha ya kileo, katika jaribio la dawa ya shinikizo la damu, waligundua kwamba yalipandisha kiasi cha dawa hiyo mwilini, kwa kuwa huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachoivunja. Nayo chai ya kijani husifiwa kwa antioksidanti zake. Lakini mwaka 2018 Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilionya kwamba kiambata chake kikuu, kikimezwa katika virutubisho kwa miligramu 800 au zaidi kwa siku, huenda kikaleta madhara, kwani kilihusishwa na dalili za kudhurika kwa ini. Kikombe cha chai si kasoro. Tatizo ni kudhani kwamba kilicho chema kikiwa kidogo hakina budi kuwa chema zaidi kikiwa kingi.

“Mjomba,” nilimwambia, “waliolindwa ni panya.”

Alicheka hadi akakohoa. “Na mimi si panya.”

“Si panya, mjomba. Na daktari hakukupa kipimo cha kuua panya. Alikupa cha kuua vijidudu, na ini lako anakuangalilia.”

Nilimkumbusha methali aipendayo mwenyewe, kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Siku aliyopangiwa alirudi kliniki. Dawa zilirejeshwa hatua kwa hatua huku damu ikipimwa. Matibabu yalichukua zaidi ya miezi sita, lakini alipona. Makomamanga hakuyaacha, na daktari hakumkataza, kwani tunda ni chakula chema. Je, yalimsaidia? Kwa mtu mmoja swali hilo halina jibu, maana hatukuwa na mjomba wa pili wa kumlinganisha naye.

Vyuoni humu tunafundishwa kuchanganua viambishi ubaoni kana kwamba ni mifupa ya kiumbe aliyekwisha kufa. Kumbe nje ya lango la chuo viambishi hivyo vinaamua nani ameze kidonge na nani akitupe. Taarifa za afya zinatafsiriwa kila siku na kutumwa kwa rununu, na mara nyingi anayetafsiri hana muda wa kutofautisha “lililinda” na “hulinda”. Sisi muda huo tunao. Ndio ada tuliyolipiwa. Ujumbe kama ule ukikufikia, mwanachama mwenzangu, usiusambaze kabla hujauliza ni nani aliyelindwa, kwa kipimo gani, na ni lini. Majibu yakikosekana, andika “huenda”.