Kinanda cha Papa na kosa letu la msasa

Wiki iliyopita mliona picha ya meza iliyojaa vitufe vyeupe na vyeusi, wengine mkauliza kama tumefungua kliniki ya meno. Hapana jamani. Kile ni kinanda cha kwaya, na leo tunaeleza tulichotengeneza na tulichoharibu.

Ni Korg Poly-800, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1983, kwa hiyo imetuzidi umri sisi wote kwenye kikundi. Ni sintesaiza ya analogi. Sauti haikurekodiwa mahali, inazaliwa na umeme wenyewe pale unapobonyeza. Kinatumia betri sita zile nene, ndiyo maana kiliweza kupigwa hapa hata kabla ya sola. Papa Mwalimu alikivusha Ziwa Tanganyika mwaka 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa, kimefungwa kwa kitenge ndani ya gunia. Nguo alikuja na zile alizovaa.

Tangu Pasaka, La ya katikati ilikuwa imenyamaza, na vitufe jirani vilitaka kugongwa kama mlango wa mtu aliyelala. Wimbo ukawa na mapengo. Papa haoni vizuri siku hizi, akadhani ni vidole vyake vimechoka. Jumamosi moja alisema labda apumzike, tutafute mpigaji mwingine. Hapo ndipo tulipoogopa.

Rafiki yetu mmoja wa shirika alitushauri kwa roho nzuri tuandike barua ya kuomba kinanda kipya. Hatumlaumu. Lakini barua inachukua miezi, na kinanda kipya nacho kina mipira ileile chini ya vitufe. Vumbi la hapa haliulizi umri. Siku kikinyamaza, tutaandika barua nyingine?

Basi tukafungua. Chini ya kila kitufe kuna mpira laini kama wa rimoti ya TV, na ndani yake kidonge cheusi cha kaboni. Ukibonyeza, kidonge kinagusa njia mbili kwenye bodi, umeme unapita, kinanda kinajua umepiga nini. Vumbi likiingia katikati, hakuna kinachopita. Ila angalieni kwanza vitufe vilivyokufa vimekaaje. Vikiwa vimetawanyika ovyo, mara nyingi ni mpira na uchafu. Vikifa kwa mpangilio, mfano kila baada ya idadi fulani, tatizo liko kwenye njia za umeme, maana bodi inasoma vitufe kwa makundi. Hapo kusafisha mipira ni kujichosha bure. Vyetu vilitawanyika, tukashukuru Mungu.

Kusafisha tulianza vibaya. Sanitaiza ya jeli ipo nyingi tangu korona, tukapaka. Kumbe ina gliserini, inaacha utelezi unaonasa vumbi zaidi. Fundi mmoja wa simu akatupa thina. Bahati nzuri tulijaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki kilichovunjika, kikalainika kama pipi. Thina msitumie. Kilichofaa ni ile spiriti safi ya mafundi simu, isopropili, kwenye pamba ya masikio, kidogo kidogo juu ya bodi. Mipira tuliiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tukaianika kivulini siku nzima.

Sasa kosa. Mmoja wetu aliona vidonge bado vina madoa, akachukua msasa. Hatutaji nani, kwa sababu sote tulikuwa tumemzunguka tunaangalia na hakuna aliyesema acha. Vidonge vitatu vilitoka weusi wote, ikabaki raba ya kijivu. Kaboni ndiyo ilikuwa inapitisha umeme! Tulikaa kimya pale mpaka chai ikapoa.

Kesho yake tulienda kwa Papa wote, hakuna aliyebaki nyumbani. Tukampa ile mipira mkononi, akapapasa na kidole gumba.

"Banangu, hii ilikuwa inalia kidogo. Sasa hailie kabisa."

"Ndiyo, Papa. Ni sisi."

"Basi muendelee. Munafikiri nitaitengeneza miye na haya macho?"

Hakugomba, na hiyo ilituumiza kuliko angegomba.

Tulikata vipande vidogo vya karatasi ya fedha kutoka pakiti ya sigara, tukavibandika juu ya vidonge kwa tone la gundi, upande unaong'aa ukiangalia bodi. Viwili viliamka. Cha La kinaamka kikitaka. Basi tukabadilishana mikanda ya mpira: ule wa katikati tukaupeleka oktavu ya chini kabisa, wa chini ukaja katikati. Chini kule La ikigoma si shida sana, gitaa la besi tunalo. Na mkirudisha mikanda, ile miguu midogo ya mpira isukumeni kwenye matundu kwa kijiti butu mpaka ilale sawasawa. Sisi mmoja ulibaki umeinuka, kinanda kikaanza kulia chenyewe saa tano usiku, majirani wakatoka nje.

Tulitaka pia kuhamisha Fa ya katikati kwa sababu imemeguka ncha, tuweke Fa nzima ya chini. Papa alikataa. Ile ncha ndiyo inamwambia mkono uko wapi. Sisi tulikuwa tunaona ubovu tu.

Jumamosi alibonyeza vitufe vyote 49 kimoja kimoja, kutoka kushoto, na sisi tumesimama kama watu wanaosubiri majina kwenye ubao. La ya chini ikakaa kimya. Akabonyeza tena, ikalia.

"Hii ndiyo yenu," akasema, akaendelea juu mpaka mwisho. Halafu akauliza mazoezi ya Jumapili yanaanza saa ngapi.

Wiki ijayo tunafungua spika. Mwenye brashi laini ya rangi atuazime.