Kufuta, Kubomoa na Kuficha

Mwenye kuingia nyumba kongwe ya mawe mjini Lamu hakosi kuzitazama zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyojipanga ukutani. Sahani ikiondolewa kidakani, kidaka husalia. Ukuta ukibomolewa, zidaka zote huenda nao. Tofauti hii, ambayo fundi wa chokaa hahitaji kuelezwa, ndiyo inayowatatiza wanaojifunza Tcl, lugha ya programu aliyoianzisha John Ousterhout katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mnamo mwaka 1988, na Tk, ala yake ya kuundia madirisha na vitufe.

Katika Tk, amri ya "delete" hutoa sahani: hufuta mstari wa orodha au umbo lililochorwa turubaini, na turubai yenyewe ikabaki. Hata hivyo yataka hadhari. Anayefuta mistari kuanzia juu hukuta nambari zimesogea, akafuta asichokikusudia. Busara ni kuanzia chini.

Amri ya "destroy" ndiyo ibomoayo ukuta. Kijenzi kilichotajwa hutoweka pamoja na vyote vilivyoundwa ndani yake, bila kuuliza na bila njia ya kurudi. Atakayeielekeza kwenye nukta, ambayo ndiyo jina la dirisha kuu, ameiua programu nzima. Ajabu ni kwamba ikiamriwa kubomoa kisichokuwapo hainung'uniki. Hivyo jina lililokosewa kwa herufi moja hupita kimya, na mwandishi akakesha akilitafuta kosa.

Ya tatu ni "pack forget", ambayo huondoa kitu machoni tu. Ni mfano wa Takwa, kisiwani Manda: wenyeji walihama karne kadhaa zilizopita, lakini msikiti wa Ijumaa na nguzo yake ungali pale. Kijenzi kilichoondolewa hivyo bado kinakula kumbukumbu ya kompyuta, na amri moja yatosha kukirejesha, maandishi yake yakiwa salama.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa haya yote, ila watunzi wa programu aghalabu huandika "Futa" kwenye kila kitufe. Karani wa daftari la wakfu atajuaje kama anaondoa jina moja au ukurasa mzima? Kitufe cha "delete" kiitwe "Futa", cha "destroy" "Bomoa", na cha tatu "Ficha". "Sahau" haifai hapo, kwa kuwa programu haijasahau kitu.