Ahadi za Fundi



Ukiwauliza wanafunzi wa darasa letu wataka kazi gani, wengi watakujibu, kazi ya serikali yenye mshahara wa kila mwezi. Lakini kazi hizo si nyingi kama tulivyo sisi. Naona wengi wetu tutakula kwa mikono yetu wenyewe, bila bwana wa kutulipa. Nina miaka 19, na huu ndio mwaka wangu wa mwisho shuleni. Kwa hiyo nimeanza kuwatazama mafundi kwa makini.

Ufundi una heshima katika Burundi. Hata neno umufundi, Kirundi kililiazima kwa Kiswahili. Hapa Gitega, mji uliofanywa makao makuu ya siasa mwaka 2019, waashi na maseremala hawakosi watu wa kuwaita. Kwetu Muyinga, vitenge huingia kutoka Tanzania kwa njia ya Kobero, na vyerehani hulia barazani tangu asubuhi. Basi kazi ipo. Mbona mafundi wengi wenye mikono mizuri hawaendelei?

Wao husema ni bei ya vitu, na si uongo. Uzi hupanda, misumari hupanda, nauli hupanda. Lakini yuko adui mwingine akaaye ndani ya fundi mwenyewe, naye ni kushindwa kusema hapana.

Mjomba wangu ni mshonaji Muyinga, na karo yangu hutoka katika cherehani yake. Wakati wa likizo humsaidia kutia vifungo na kupiga pasi. Miezi ya Julai na Agosti ni miezi ya arusi, na wateja huja wengi. Kila mmoja alikuwa akiambiwa, "Njoo Ijumaa." Ijumaa ilikuwa moja, na magauni tisa! Mjomba si mwongo. Aliogopa tu kwamba mteja akiambiwa angoje, atakwenda baraza ya pili.

Baya zaidi lilikuwa arubuni. Mama wa kwanza ametoa faranga 10,000, nazo zimenunua unga na maharagwe. Siku ya kununua bitana na zipu, fedha hakuna. Lazima ingojewe arubuni ya mama wa pili. Ya pili yamaliza kazi ya kwanza, ya tatu yamaliza ya pili. Hivyo kila mteja mpya alimlipia yule aliyemtangulia, na arusi zilipokwisha, wa mwisho alikosa gauni na fedha pia. Kwa nje baraza ilijaa vitambaa. Kwa ndani ilijaa madeni.

Hapa Gitega seremala mmoja alinieleza bei ya kitanda chake. Alihesabu mbao, misumari, gundi na rangi. Nikamwuliza, "Na siku zako nne, mzee, ziko wapi?" Akacheka, akasema, "Mikono ni yangu, siinunui." Nikafahamu kuwa ugonjwa ni ule ule. Asiyehesabu siku zake huziuza bure. Akiziuza bure hukosa chakula. Akikosa chakula hupokea kazi kupita siku alizo nazo. Ndipo huchelewa, na mteja humkimbia.

Aliyetuponya nyumbani ni mkaza mjomba. Alinunua daftari la shule, akaandika kila siku katika ukurasa wake. Ukurasa ukijaa, mteja huonyeshwa ukurasa mwingine. Arubuni hutiwa katika bahasha yenye jina la mwenyewe, wala haiguswi mpaka vifaa vya kazi yake vimenunuliwa. Majuma ya kwanza yalikuwa magumu. Wateja wengine walikasirika wakaenda zao, na wako ambao hawajarudi hata leo. Usiku mwingine tulikula viazi bila mboga. Lakini sasa gauni likiahidiwa Jumatano, hutoka Jumatano, na waliobaki huleta jamaa zao. Wazee walisema kweli, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba siku nazo ni mali.

Nikimaliza masomo nataka kujifunza kazi ya umeme wa majumba. Kuunga nyaya nitafundishwa na fundi. Lakini lile neno dogo, "Ijumaa siwezi, labda Jumatano," naona yafaa tulizoee tangu sasa, maana siku ya njaa ni zito kulitamka. Nanyi wakubwa wetu mliokwisha kutoka shuleni mkaanza kazi zenu wenyewe, tuandikieni katika gazeti hili: mlilisemaje mara ya kwanza, nanyi mlikula nini jioni ile?

Mwanafunzi wa darasa la mwisho, Gitega