Upanga Tuliyoijua Kutoka Uani

Nilizaliwa Upanga, Dar es Salaam, lakini si ndani ya jumba. Nilizaliwa kwenye kota ya uani, vyumba viwili vya watumishi nyuma ya nyumba ya ghorofa moja ambayo baba yangu aliipikia tangu familia ya wenyewe ilipohamia. Siku hizi watu wakizungumzia majumba ya Upanga, wanazungumzia wenye majumba: nani alikuwa na kinu cha pamba, nani alikuwa na shamba la mkonge, nani aliondoka mwaka gani na kwenda wapi. Habari hizo ni za kweli na zinastahili kuandikwa, ila zote zinasimuliwa kutoka barazani. Mimi nasimulia kutoka jikoni, maana sisi wa jikoni tunazidi kupungua na hakuna anayetuuliza.

Kijana wa leo huenda hajui mji huu ulivyopangwa. Chini ya Waingereza, Uzunguni ilikuwa Oysterbay, ng'ambo ya daraja la Selander. Uhindini ilikuwa katikati ya mji, penye maduka. Kariakoo na Ilala ndiyo ilikuwa sehemu yetu, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ili Uhindini na Uswahilini visigusane. Uhindini ikajaa mpaka ikafurika. Duka lilikuwa chini, na juu yake ndugu watatu wanne wanabanana na wake zao na watoto wao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo Upanga, iliyokuwa minazi na vichaka kuelekea baharini, ilipopimwa viwanja vya Wahindi. Mwaka 1946 Waismailia walimpima kiongozi wao, Aga Khan, kwa almasi katika jubilei yake hapahapa Dar es Salaam, na fedha za jubilei ile zikawa msingi wa mfuko wa mikopo uliowasaidia wengi wao kujenga. Wahindu, Mabohora na Maithnaasheri nao wakajenga. Nyumba nyingi zilikuwa za kawaida, za makarani na wenye maduka madogo. Majumba hasa yalikuwa machache, ya wafanyabiashara wa jumla na ya wenye mashamba walioneemeka bei ya mkonge ilipopaa wakati wa vita vya Korea.

Jumba letu, na nasema letu kwa sababu nililifagia, lilikuwa na tarakimu 1952 zilizofinyangwa kwa plasta juu ya mlango wa mbele. Saruji yake ilikuja kwa meli, maana kiwanda cha Wazo Hill hakikuanza kazi mpaka 1966. Sakafu ya sebuleni ilikuwa terazo, vipande vya mawe meupe na meusi vilivyosagwa vikang'aa. Ya barazani ilikuwa nyekundu, na hiyo ndiyo iliyotutoa jasho. Tuliipaka nta kila Jumamosi, kisha tukaisugua kwa kumbi la nazi, mguu mmoja juu ya kumbi, mwili mzima ukicheza kwenda na kurudi mpaka sakafu ikurudishie uso wako. Ukuta wa ngazi ulikuwa wa matofali ya matundu, upepo wa bahari ukipita humo mchana kutwa. Barazani ilining'inia bembea ya mbao ya msaji, pana kiasi cha kukaliwa na watu wazima watatu, imeshikwa na minyororo ya shaba. Bibi, mama wa mwenye nyumba, alikaa hapo kila alasiri akipepeta mchele au akiambua njugu. Nilimwamkia shikamoo nikipita na ndoo, naye aliitikia marahaba na kuniuliza nimekula nini.

Watu wengi walifikiri nyumba kubwa namna ile ni ya mtu mmoja na mkewe. Haikuwa hivyo. Waliishi ndugu watatu, wake zao, watoto, Bibi, na shangazi mjane, na wote walikula chungu kimoja. Baba ndiye aliyejua nani hali kitunguu siku gani, nani anafunga, nani ana kisukari, mtoto gani hataki maziwa yenye utando. Alijua pia ndugu gani hawasemezani, kwa jinsi sahani zilivyorudi jikoni. Alijifunza Kikachi chao jikoni, nao watoto wao wakajifunza Kiswahili kwetu uani, Kiswahili kizuri cha Pwani chenye mafumbo yote. Ukuu wa nyumba zile, kwa nilivyouona mimi, ulikuwa katika kuwabeba watu wote hao chini ya paa moja bila kuvunjika. Kazi ya kuwabeba ilifanywa na watu wa pande zote mbili za mlango wa jikoni.

Nitoe mfano mmoja ambao sijawahi kuuona umeandikwa popote. Familia ile iliuza khanga kwa jumla. Michoro ilitengenezwa kwanza kwenye karatasi, kisha ikapelekwa ng'ambo kuchapwa, India au Japani, na mzigo ukarudi kwa meli baada ya miezi. Ukikosea mchoro, umefunga fedha nyingi kwenye mali isiyonunuliwa. Sasa Wahindi wanaume wale watatu, kwa akili zao zote za biashara, walijuaje mwanamke wa Kariakoo au wa Lindi atapenda nini? Waliuliza jikoni. Ijumaa mchana, wanaume wakiwa wamelala, Bibi alitandaza karatasi kwenye mkeka na kumwita mama yangu.

"Njoo, mwanangu, uangalie. Pindo hili litauzika?"

Mama alifuta mikono, akapiga magoti, akaanza. Pindo hili zuri, lakini mji wake umejaa mno, macho hayapati pa kupumzika. Njano hii ikifuliwa mara mbili itachuja. Jina hili refu, mtu akijifunga linaishia mbavuni halisomeki. Jina hili nalo baya, mwanamke hawezi kumpelekea mkwewe. Bibi alikuwa akicheka, akiziweka karatasi mafungu mawili. Mara kadhaa mama alitoa jina alilolitunga mwenyewe, la kumchoma mke mwenza au la kumshukuru mzazi, nalo likaandikwa kwa kalamu ya risasi pembeni ya mchoro. Miezi ikapita. Halafu siku moja tuko sokoni Kariakoo, mama akanishika bega akanionyesha kwa kidevu mwanamke aliyetutangulia, na mgongoni mwake nikasoma maneno niliyoyasikia kwanza jikoni kwetu. Malipo ya mama yalikuwa doti moja kila mzigo ulipofika. Nimefikiri sana kuhusu doti ile. Korija ngapi ziliuzwa kwa maneno ya mwanamke wa kota ya uani, ghorofa ile ikajazwa samani? Bibi alimpenda mama, sina shaka, na mama alimpenda Bibi. Mapenzi yale hayakuwa hesabu ya haki, na nyumba nyingi za Upanga ziliendeshwa hivyo.

Azimio la Arusha lilipokuja Februari 1967, biashara ya kuagiza bidhaa na kuuza kwa jumla ikaanza kuingia mikononi mwa serikali. Familia ikabaki na duka la rejareja. Ili kuziba pengo wakapangisha vyumba vya chini kwa wageni, wao wenyewe wakabanana juu. Ulikuwa uamuzi wa kawaida kabisa, na ndio uliowagharimu nyumba. Tarehe 22 Aprili 1971 ilitangazwa kwamba serikali inatwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakai yote. Jirani yetu wa kushoto, mwenye nyumba kubwa kuliko yetu, alikaa yote na familia yake. Hakuguswa. Yetu ilikuwa na wapangaji chini, ikatwaliwa. Fidia ilihusu majengo ambayo hayajatimiza miaka kumi, na yaliyozidi hayakuwa na kitu. Ile 1952 iliyofinyangwa juu ya mlango kwa fahari ikawa ushahidi. Wenyewe wakageuka wapangaji kwenye ghorofa waliyoijenga, wakimlipa kodi Msajili wa Majumba. Nchi nzima majengo karibu 3,000 yalitwaliwa, mengi mno yakiwa ya Waasia.

Baba alisikia habari ile redioni, akanyamaza, kisha akasema ni haki. Sikumlaumu wakati ule, wala simlaumu leo. Ndugu yake alipanga chumba kimoja Kariakoo na watoto sita, na kila mwezi aliiona kodi ikienda kujenga ghorofa ya mtu mwingine. Azimio lenyewe lilikuwa limewakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, kwa hiyo wazo halikuzuka ghafla. Mama alivuka uani, akapanda ngazi za chuma za nyuma, akaenda kukaa na Bibi kwenye bembea mpaka giza likaingia. Wazazi wangu hawakugombana kuhusu jambo lile. Kila mmoja alikuwa ameona kitu cha kweli.

Mwaka uliofuata Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, hofu iliingia Upanga kama maji chini ya mlango, ingawa Tanzania haikutoa amri kama ile. Ndugu wa kwanza akaenda Kanada, wa pili akafuata, wa tatu Uingereza. Bibi alikuwa wa mwisho. Chungu kimoja kikawa vyungu vitatu katika mabara mawili. Bembea haikuingia kwenye kreti, na kwetu uani hapakuwa na dari ya kuitundika, ikabaki.

Sisi tulibaki kwenye kota, baba akapata kazi ya kupika hotelini. Jumbani wakaingia watumishi wa serikali, familia kutoka Moshi, Songea, Mtwara, chumba baada ya chumba, na miaka ile ilikuwa ya furaha, lazima niseme. Watu ambao enzi za Waingereza wasingelala Upanga ila kwenye kota kama yetu sasa walilala sebuleni penye terazo. Watoto wao walisoma Tambaza na Azania, shule zilizokuwa za Waasia. Lakini nyumba ilianza kuchoka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 saruji, rangi na mabomba viliadimika nchi nzima, paa likavuja, matofali ya matundu yakazibwa kwa mbao ili mtu apate chumba cha ziada. Hakuna aliyepaka tena nta.

Jumba limeshabomolewa, na pale pana jengo refu la fleti. Kabla halijabomolewa alifika binti mmoja, kitukuu cha Bibi, mzaliwa wa Toronto, na picha ya zamani ya nyumba. Picha ilionyesha mbele tu: baraza, bembea, 1952. Nilichukua karatasi nikamchorea yaliyobaki. Jiko, ngazi ya chuma, karo la dobi, kota, mwarobaini, bomba la nje. Aliuliza mkeka wa khanga ulitandazwa wapi, kwa sababu hadithi ile ilikuwa imefika kwao, ila walisimuliwa kwamba majina yote aliyatunga Bibi. Nikamwambia mengine ni ya mama yangu, nikamtajia yale niliyoyakumbuka. Aliyaandika yote, pamoja na jina la mama.

Nyumba ya jirani wa kushoto bado imesimama, na mwenyewe anafuatwa kila mara na wanunuzi wanaotaka kiwanja. Wanafunzi wa usanifu majengo huja kuipima na kuipiga picha. Nimewaomba wazunguke nyuma pia wapime kota, milango yake miwili na umbali wake kutoka jikoni, na waandike majina ya waliokaa humo wakati bado tupo wa kuwatajia.